Simu inaisha chaji haraka? Mtafute kwanza anayeila kabla hujanunua betri

Wa_Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Humu kila mara mtu anafungua uzi akilia simu yake inakula chaji, na majibu ni yale yale: badilisha betri, flashi simu, weka programu ya kuokoa chaji. Mtu anatoka hapo anaenda kutoa hela yake kwa ajili ya betri ambayo haikuwa na kosa, na mara nyingi anayofungiwa ni mbovu kuliko iliyotolewa. Inaniuma, kwa sababu simu yenyewe inaweza kukuonyesha nani anakula ukiipima kwa utaratibu.

Swali la kwanza: chaji inapotea ukiwa unaitumia simu, au ikiwa imelala? Haya ni magonjwa mawili tofauti. Kama ulikaa TikTok saa tatu na mwanga umejaa, hapo hakuna mwizi wa kutafutwa. Kioo na data vimefanya kazi yake. Shida ya kweli ni kulala simu ikiwa na 80 ukaamka iko 50, na hujaigusa.

Hiyo ya kulala ndiyo tunayoipima, na inapimika usiku, maana usiku hakuna mkono wako unaoharibu hesabu.

Usiku wa kwanza iache simu kama unavyoiacha siku zote. Andika asilimia ukilala, andika ukiamka. Usichomeke chaja.

Usiku wa pili fanya hivyo hivyo, ila weka hali ya ndegeni, na hakikisha Wi-Fi na Bluetooth nazo zimezimwa. Hapa tahadhari: hutapatikana. Kama una mgonjwa nyumbani au mtu yuko safarini, chagua usiku mwingine.

Usiku wa tatu toa hali ya ndegeni, washa simu katika hali salama. Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuwasha, neno la kuzima likitokea unalikandamiza kwa muda mpaka simu ikuulize kama unataka hali salama. Humo programu zote ulizopakua mwenyewe zinasimama, zinabaki zile tu zilizokuja na simu. Kama unaamshwa na alamu ya kupakua, haitalia, kwa hiyo tumia ile ya simu.

Sasa linganisha. Ikiwa hali ya ndegeni imemaliza tatizo, mla chaji anapitia kwenye mtandao: ama mawimbi ni hafifu, ama kuna programu inayoongea na intaneti usiku kucha. Hali salama ndiyo itakayokutenganishia hao wawili. Ikiwa hali salama nayo imeponya, mkosaji ni programu uliyoiweka mwenyewe. Ikiwa usiku wote mitatu chaji imeshuka vilevile, ndipo tuanze kuizungumza betri na bodi.

Na hesabu yake ni hii, ili mtu ajue kipi ni cha kawaida. Betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), asilimia 1 ni mAh 50. Simu iliyolala vizuri, laini na data zikiwa hewani, tuseme inavuta wastani wa mA 30. Kwa saa 8 ni mAh 240, karibu asilimia 5. Kwa hiyo kupoteza 3 hadi 8 kwa usiku msihangaike nako. Lakini ukipoteza 27, hiyo ni mAh 1,350, wastani wa karibu mA 170 kila saa ya usiku. Simu hiyo haikulala hata kidogo.

Leteni matokeo yenu tuyasome pamoja.

Kijana_wa_Tandale

Mkuu, yote hayo ya nini? Mimi nikimaliza kutumia naingia kwenye programu za karibuni nafuta zote, napeperusha juu. Chaji inakaa.

Wa_Kimara

Mkuu, hilo wengi tunalifanya lakini haliokoi. Programu inayoonekana kwenye orodha ile mara nyingi imegandishwa tu kwenye kumbukumbu, haitumii prosesa. Ukiifuta, mara nyingine unapoifungua inabidi ianze upya toka sifuri, na kuanza upya ndiko kunakokula. Mwaka 2016 Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android pale Google, alisema wazi kuwa kufunga programu hivyo kunaweza hata kuongeza matumizi kidogo. Mwaka huohuo Craig Federighi wa Apple aliulizwa kama kufunga programu za iPhone kunasaidia betri, akajibu hapana.

Programu mbaya kweli yenyewe haikai ikisubiri kufutwa. Unaipeperusha, sekunde mbili baadaye imejirudisha nyuma ya pazia.

Mama_Lishe_Lushoto

Habari zenu. Nimefuata maelekezo. Usiku wa kawaida nililala na 88 nikaamka na 61. Usiku wa hali ya ndegeni nililala na 90 nikaamka na 87. Hiyo hali salama nimeijaribu pia, imeshuka hadi 64 kutoka 89. Fundi hapa mjini alishaniambia betri imekufa, anataka kuniuzia nyingine. Simu ina laini mbili. Naishi bondeni, mtandao wa kupapasa.

Wa_Kimara

Mama, asante sana, umepima vizuri kuliko wengi. Usimpe hela huyo fundi. Betri iliyokufa isingeweza kubaki na 87 asubuhi. Na kwa kuwa hali salama haikubadilisha kitu, programu zako nazo hazina hatia. Kinachokula chaji ni mawimbi.

Simu na mnara vinaongea pande zote mbili. Mnara ukiwa karibu simu inanong'ona. Ukiwa mbali, au mlima umekaa katikati, simu inapaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na kupaza sauti huko ni umeme. Kwenye 4G simu inaweza kupandisha nguvu ya kurusha mpaka karibu miliwati 200, wakati kwenye mawimbi mazuri inatumia sehemu ndogo sana ya hapo. Halafu mawimbi yakikatika inaanza kutafuta: 4G haipo, ishuke 3G, ishuke 2G, 4G imetokea kidogo, ipande, ipotee tena. Usiku kucha. Na wewe una laini mbili, kila moja inatafuta mnara wake.

Nenda Mipangilio, halafu Kuhusu simu, tafuta hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele. Kwenye 4G, -80 ni nzuri, -100 inavumilika, ikipita -110 kwenda -120 hapo simu inahangaika. Isome pale unapoilaza simu, kisha isome dirishani, kisha mlangoni. Utuletee.

Fundi_Mwanjelwa

Niwasemee mafundi kidogo, si wote tunaouza betri ovyo. Mgonjwa wa aina nyingine mwanzisha uzi hajamgusa: simu inayopoteza chaji hata ikiwa imezimwa kabisa.

Ongezeni kipimo hiki. Ikiwa hata hali ya ndegeni haijasaidia, usiku mmoja zima simu kabisa ikiwa na 80, asubuhi iwashe. Kupungua 1 au 2 ni gharama ya kuwaka tu. Ikiwa imeshuka 10 au 15 wakati imezimwa, hakuna programu inayohusika, maana hakuna programu inayokimbia kwenye simu iliyozimwa.

Simu ya namna hiyo ikifika mezani kwangu naitoa betri, bodi naifunga kwenye pawa saplai, volti 4 hivi, bila kubonyeza kitufe cha kuwasha. Namba ya ampia inatakiwa ikae sifuri. Ikionyesha mA 60 au 80 na simu haijawashwa, kuna kinachovuja, na mara nyingi ni kapasita iliyopigwa na maji. Uvujaji ukiwa mkubwa napulizia bodi moshi wa rosini (utomvu mkavu tunaotumia kulehemu) mpaka vipande vyote vinavikwa weupe, narudisha umeme, natazama. Kapasita yenye shoti inapata joto, rosini juu yake inayeyuka, doa moja dogo linarudi rangi yake ya kahawia katikati ya weupe. Naitoa hiyo, namba inashuka sifuri. Betri ya mteja ni ile ile aliyokuja nayo.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi mwombe akupimie bodi kwanza, akuonyeshe ile namba kwa macho yako. Ni kazi ya dakika chache.

Wa_Kimara

Fundi, ubarikiwe. Hiki ndicho watu walikuwa hawakipati.

Boda_Ubungo

Kaka, mimi hali salama imeniponya. Kawaida napoteza 30 na zaidi usiku, kwenye hali salama 6. Sasa nina programu kama 90, nitamjuaje? Kwenye orodha ya matumizi ya betri anayeongoza ni Huduma za Google Play. Niifute?

Wa_Kimara

Usiiguse, kaka. Huduma za Google Play hufanya kazi kwa niaba ya wengine: programu ikitaka kujua uko wapi, ikitaka kupokea ujumbe, inamtuma huyo. Hivyo anaandikiwa deni la watu wengine. Ukimwona juu ya orodha, uliza nani anamtuma. Ingia sehemu ya Mahali uone programu zipi zimeomba eneo hivi karibuni, hasa zilizoomba usiku ulipokuwa umelala. Wewe ni dereva, najua programu za abiria zinahitaji GPS mchana. Ukimaliza kazi toka kabisa ndani ya programu, usiiache ikisubiri abiria huku unakoroma. Na ruhusa ya eneo iweke ya wakati unapoitumia tu.

Jambo jingine kuhusu orodha ile: kwenye simu nyingi asilimia zake ni mgawanyo wa chaji iliyokwisha kutumika. WhatsApp ikionyesha 20 na tangu uchomoe chaja umetumia 10 tu, WhatsApp imekula 2 za betri. Watu wanaogopa namba kubwa wanafuta programu nzuri. Tazama zaidi muda wa nyuma ya pazia. Programu uliyoifungua dakika tano lakini imefanya kazi nyuma kwa saa sita, huyo ndiye.

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna utaratibu unaoitwa Doze. Simu ikiwa imetulia, kioo kimezimwa na chaja haipo, mfumo unaziamrisha programu zisubiri, zipewe mlango wa kufanya kazi zao kwa vipindi tu. Toka 7.0 mwaka uliofuata, ukafanya kazi kwa kiasi hata simu ikiwa mfukoni inatembea. Sasa wapo wanaoruka ukuta huo. Programu inakuletea ujumbe: niruhusu nifanye kazi bila vizuizi vya betri. Wewe una haraka, unabonyeza ndiyo, na tangu siku hiyo inaweza kuishika prosesa isilale. Ingia kwenye taarifa za programu moja moja, sehemu ya betri, uone zipi umezipa uhuru huo. Ya ujumbe na ya saa ziache. Tochi, mchezo, mikeka na programu ya picha zinataka uhuru huo wa nini?

Na angalia bando. Fungua matumizi ya data, tazama data ya nyuma ya pazia kwa kila programu. Kila programu ikituma hata kipande kidogo cha data, redio ya 4G hairudi kulala papo hapo, inakaa macho kama sekunde 10 ikisubiri huenda kuna kingine. Programu inayopiga hodi kila dakika kwa baiti chache inaweza kuiweka redio macho sehemu kubwa ya usiku. Kwa hiyo hata namba ndogo ya data inaweza kuwa na chaji nyingi nyuma yake.

Boda_Ubungo

Nimempata! Ni WhatsApp ile ya kupakua pembeni, yenye rangi na kuficha kuwa uko hewani. MB zake za nyuma ya pazia ni nyingi kuliko za YouTube. Nimeitoa, usiku nimepoteza 5.

Wa_Kimara

Safi sana. Na hapo kilichopona ni zaidi ya chaji, kaka. Agosti 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kuwa toleo moja la FMWhatsApp, WhatsApp ya pembeni kama hiyo yako, lilikuwa limebeba trojani (programu hasidi iliyojificha) iitwayo Triada, yenye uwezo wa kupakua programu nyingine na kumwandikisha mtu huduma za kulipia bila kujua. Badilisha nywila zako, PIN ya pesa za simu pia, na uangalie kama salio lako lilikuwa likikatwa.

Hata zilizotoka kwenye maduka rasmi si za kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Februari 2019 Oracle waliianika DrainerBot: ndani ya programu za kawaida tu kulifichwa msimbo uliokuwa unacheza matangazo ya video yasiyoonekana kwenye kioo. Simu inapata moto mfukoni, betri inakwisha, na bando lililoweza kuliwa lilizidi GB 10 kwa mwezi. Kwetu sisi tunaonunua bando la siku, hiyo ni kuibiwa chakula.

Mpemba_Muscat

Assalaam alaykum. Huku joto la kiangazi linapita 45, na simu yangu inashuka mchana kweupe bila programu yoyote. Usiku iko salama. Ni nini?

Wa_Kimara

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Bila shaka unaiweka juu ya dashibodi ya gari ikikuongoza njia? Hapo mambo matatu yanafanyika mara moja: GPS inafanya kazi, kioo kimejipandisha mwanga mpaka juu kwa sababu ya jua, na joto lenyewe. Apple wanaandika kuwa iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Joto la leo linakupunguzia saa za leo, lakini baya zaidi ni kwamba linaizeesha betri moja kwa moja, na uwezo uliokwenda haurudi. Ishushe simu kwenye tundu la hewa baridi la gari, usiichaji ikiwa ya moto, na usiiache ndani ya gari lililofungwa.

BintiSinza

Mimi natumia iPhone, hizo hali salama sisi hatuna. Na kuweka kioo cheusi kunasaidia au ni mapambo?

Wa_Kimara

Dada, usiku wa kwanza na wa pili unakuhusu vilevile. Kwenye mipangilio ya betri gusa orodha ya programu, itakutenganishia muda wa kwenye kioo na muda wa nyuma ya pazia. Afya ya betri imekuwa humo tangu iOS 11.3 ya Machi 2018, baada ya Apple kukiri Desemba 2017 kuwa ilikuwa inapunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Ikiwa chini ya 80, kubadilisha kuna maana.

Weusi unasaidia kwenye kioo cha OLED tu, ambacho nukta nyeusi imezimwa kweli. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka vilevile. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2021 waliona kwamba mwanga ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, weusi unaokoa 3 hadi 9 tu. Mwanga ukijaa kabisa ndipo unaokoa 39 hadi 47.

Mtu_wa_Kompyuta

Kwa wenye laptopu: washa chaguo za wasanidi programu, ruhusu utatuzi kwa USB, unganisha simu kwa waya, kisha andika amri hii ya adb (zana ya Google ya kuiamuru simu toka kwenye kompyuta):

adb shell dumpsys batterystats --reset

Chomoa waya, lala. Asubuhi chomeka tena:

adb shell dumpsys batterystats > usiku.txt

Fungua faili, tafuta "Estimated power use". Utaona makadirio ya mAh kwa kila programu. Wakelock zimeorodheshwa humo pia: nani aliizuia simu kulala na kwa muda gani. Ukitaka michoro, toa bugreport (ripoti kamili ya simu) uifungue kwenye Battery Historian ya Google.

Wa_Kimara

Hii ni dhahabu, mkuu. Anayeweza aanze hapa hapa.

Kijana_wa_Tandale

Haya, nimekubali kupima. Usiku wote mitatu nashuka 15 hivi, na nikiizima kabisa hashuki mtu. Ila mchana ikifika 30 nikifungua kamera inazima. Nikichomeka inasema 26.

Wa_Kimara

Mkuu, wewe sasa ndiye unayehitaji betri. Betri iliyozeeka ukinzani wake wa ndani unapanda. Kamera ikivuta umeme mwingi kwa mpigo, volti inaanguka, simu inajizima kujilinda, ingawa chaji ilikuwemo. Na zile 15 za usiku zina maelezo: ikiwa uwezo umebaki nusu, asilimia 1 yako ni nusu ya asilimia 1 ya zamani, hivyo namba inashuka mara mbili kwa matumizi yale yale. Weka programu ya AccuBattery, chaji mara kadhaa kutoka chini kwenda juu, itakukadiria mAh zilizobaki. Tazama pia kama mfuniko wa nyuma au kioo kimeanza kuinuka. Ikiwa kimeinuka, betri imevimba: acha kuichaji leo hii, usiibonyeze, mpelekee fundi.

Mama_Lishe_Lushoto

Nimerudi. Pale ninapoilaza simu, karibu na kitanda, imeandika -119. Dirishani -101. Laini ya pili haisomi kabisa, inaandika huduma za dharura tu.

Wa_Kimara

Mama, hiyo laini ya pili ndiyo inayokumaliza. Mnara wake haupo hapo na inautafuta usiku kucha. Ingia kwenye mipangilio ya SIM uizime ukiwa nyumbani, hela zako zilizomo hazipotei. Simu ilale dirishani. Laini iliyobaki, ikiwa 4G inakuja na kukatika, ichagulie 3G.

Mama_Lishe_Lushoto

Nimefanya yote. Nimelala na 86, nimeamka na 80. Mungu akubariki mwanangu. Je, nikishuka Tanga mjini niiache hivyo hivyo?

Wa_Kimara

Amina mama. Ukifika Muheza irudishe 4G, maana huko mawimbi yapo na 3G itakuchelewesha bure. Laini ya pili iwashe pia, upokee meseji za miamala zilizokuwa zinasubiri. Ukipanda tena Lushoto uizime kabla hujalala.